Jeneza Lililoazimwa Godauni

Mimi Nurdin, muuza nati na bolti wa Gerezani, nimeshika ufunguo wa chumba cha jeneza la msikiti wetu wa Ilala kwa miaka kumi na tisa. Utaratibu wake ni mfupi: mtu akija amefiwa, unampa. Humwandikishi, humhoji, humwombi kitambulisho. Jina la marehemu utalisikia ukifika msibani.

Kwa hiyo Jumatatu, walipokuja vijana wawili wenye nguo nyeusi na macho mekundu, wakasema jeneza linahitajika kwenye lile godauni la zamani la mbao, niliwapa. Tangu asubuhi tulikuwa tunasikia wanawake wakilia mle ndani. Nikadhani ni familia ya chumba kimoja, imesaidiwa mahali pa kuweka wageni. Dada yangu Mwanne, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, akapika sufuria zima la wali akawapelekea. Alisema waliofiwa hawana nafasi ya kuwasha jiko.

Alfajiri ya Jumatano Mwanne akafa. Presha. Tukapanga kumzika baada ya Adhuhuri. Ilipofika saa tano alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda, na jeneza halijarudi. La msikiti wa jirani lilikuwa limekwenda Temeke. Nikamchukua Ignasi, Mmakonde mwenye duka linalopakana na langu. Ni Mkatoliki, lakini amebeba maiti wengi wa mtaa huu kuliko baadhi ya wanaokaa safu ya mbele msikitini.

Mlangoni mwa godauni alikaa binti mwenye kadi shingoni iliyoandikwa Evelyn.

"Shikamoo, mzee. Mna tiketi?"

"Marahaba. Tiketi ya nini?"

"Ya kuingia msibani. Ni sanaa ya kuzama, mzee. Unaingia, unaishi tukio lenyewe. Viatu mtaviacha hapa."

Nimekaa Dar miaka hamsini na sita naingia misibani bure. Nikampita na viatu vyangu.

Godauni lile linaweza kumeza malori thelathini. Walikuwa wamelitia giza, wakalijaza moshi wa mashine na harufu ya udi. Vile vilio vilivyonitoa machozi tangu Jumatatu vilitoka kwenye spika nne kubwa kama makabati; vikifika mwisho vinarudi mwanzo, mama yuleyule anakohoa palepale. Watu kama mia walikuwa wamekaa mikekani na kahawa zao za vikombe vya karatasi, wamekunja sura kwa huzuni waliyoilipia. Katikati, chini ya taa, jeneza letu. Walipanga foleni kulala ndani yake, kila mtu dakika mbili, rafiki yake anampiga picha.

Pembeni, juu ya meza nyeupe, niliona sufuria la Mwanne. Nalijua kwa mpini wake uliofungwa waya. Limesuguliwa, limemulikwa taa ya buluu, na chini yake kuna karatasi: "Ukarimu. Mpishi hajulikani."

Mpishi alikuwa amelazwa nyumbani kwangu, ananisubiri.

Akaja mwenye shughuli yake, Steven, kijana wa kaptula ya kitani na pete vidole vitatu. "Karibu sana, mzee wangu. Umekuja wakati mzuri. Hapa tunawaonjesha watu kifo."

"Nina maiti nyumbani," nikamwambia. "Nataka jeneza."

Akanishika bega kwa huruma ileile ya kulipiwa. "Pole sana. Awamu hii inaisha saa saba na nusu. Nikiikata sasa hivi, watu wanapoteza ile hali, unanielewa?"

Sikumwelewa, na namshukuru Mungu. Ignasi, ambaye huwa haongei sana, alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, akamwinamia msichana aliyelala ndani macho yamefumbwa.

"Dada, amka. Mwenye zamu yupo."

Msichana akatoka, akatengeneza nywele. Tukalibeba, mimi mbele, Ignasi nyuma. Godauni zima likapiga makofi. Mmoja alikuwa analia machozi hasa, anamwambia mwenzake kwamba hii ndiyo sehemu bora kuliko zote. Hakuna hata mmoja aliyetoa bega, katika mji ambao muuza chipsi anaacha mafuta yakichemka ili ambebe maiti asiyemjua hatua kumi. Bega walikuwa nalo, ila mkono ulishika simu. Tulipofika nje Ignasi akarudi kuchukua sufuria. Ile karatasi aliichana mbele ya Steven.

Mwanne tulimzika kwa wakati. Steven na watu wake walifungasha spika zao wiki hiyohiyo wakaondoka, nikasema basi, yameisha.

Ijumaa iliyofuata, Mgeni, fundi cherehani wa uchochoro wa pili, alisimama mbele ya duka langu. Shati jeusi, macho mekundu.

"Kaka Nurdin, naomba jeneza."

Ufunguo ulikuwa tayari mkononi. Nikaliangalia lile shati, nikayaangalia yale macho, na mkono ukakataa kunyooka.

"Msiba wa kweli?" nikamuuliza.

Mgeni akanyoosha wa kwake.

"Mke wangu," akasema, akauchukua ufunguo bila kunitazama tena.