Bega la Roboti

Mimi ni msusi, na mikono yangu haijawahi kuogopa kopo la kupuliza. Ndiyo maana nilipoichukua roboti ya mume wangu na kuipeleka uani kuipaka rangi, sikuona haja ya kumuuliza mtu.

Ni zile roboti za plastiki zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi, unakata, unasugua kwa msasa, unaunganisha. Mume wangu, fundi saa aliyestaafu, amejaza kabati zima. Miaka yote nimemtania, mtu mzima na mvi zake anacheza na midoli, naye hucheka tu na kuendelea kusugua. Tangu kiharusi kimpige mkono wa kulia, hacheki wala hasugui. Anakaa sebuleni, mkono umejikunja mapajani, hata kuutazama hataki.

Mtaalamu wa mazoezi alikuja nyumbani akatuonyesha namna ya kuunyoosha, kila siku kidogo. Akatuonya kwamba usiponyooshwa utakakamaa hivyo hivyo, moja kwa moja. Lakini nikiugusa tu, anauvuta.

“Niache, mama watoto.”

Kuacha sijui. Ila mkono wa mtu haunyooshwi kwa ubishi, na mimi nilikuwa nimeanza kuogopa, maana wiki zilikuwa zinakwenda. Nikaona nimtegee kwa kile anachokipenda. Mezani kwake ilikuwa imebaki roboti moja, mwili tayari, mkono wa kulia bado haujachomekwa begani.

Sasa, kichwani kwa mteja unasogeza kopo la dawa ya nywele karibu, unabonyeza, unazunguka mpaka kila unywele utulie. Nami nikafanya vivyo hivyo. Rangi ya buluu ikajaa, ikachuruzika kifuani, ikaganda matone matone kidevuni. Sikubakisha kitu, hata kile kifundo kinachochomekwa begani nilikipaka kikapakika.

Nilipoona imekauka nikampelekea. Akaigeuza kwa mkono wa kushoto.

“Nani kaiua?”

“Nimeipendezesha.”

“Hii hujaipaka, mama watoto. Umeisuka.”

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu augue. Nilifurahi mpaka nikajifanya nimekasirika, nikauchukua ule mkono wa roboti na kuusukuma begani kwa nguvu. Ukaingia, ukakwama. Haukwenda mbele wala nyuma.

“Usilazimishe,” akasema, na tayari alikuwa anainuka. Alikuja mezani mwenyewe, akajivutia kiti chake. “Kiungo hakipakwi rangi. Umeziba nafasi yote. Ukivuta hivyo, utakatika.”

“Sasa tufanyeje?”

“Rangi yako ni nzito, ndani bado mbichi. Leo uzungushe kidogo, kesho tena kidogo, mpaka ukubali. Ukitoka ndipo tutasugua. Usitake yote leo.”

Nikamwangalia. “Maneno hayo nimewahi kuyasikia humu ndani.”

Akaishika roboti kwa mkono wa kushoto, mimi nikashika kile kimkono, tukaanza.

Ikawa ndiyo kazi yetu ya jioni. Tukimaliza begani, ananipeleka uani na kijiko cha plastiki nijifunzie. Kopo liwe mbali kidogo, anza kupuliza kabla hujafika kwenye kijiko, pita, malizia ukishakivuka. Tabaka jembamba, halafu subiri. Kusubiri ndiko kulikonishinda. “Hapa hakuna mteja anayewahi harusi,” ananiambia. Nimeharibu vijiko mpaka jikoni tukaanza kugombea vilivyobaki.

Jioni moja kimkono kikatoa mlio mdogo, kikazunguka, kikachomoka. Nikakisugua kifundo kidogo, nikajaribu, nikasugua tena, yeye akinizuia kila nilipotaka kuharakisha, maana kikilegea sana mkono utaning'inia tu. Mwishowe nikauchomeka. Nikauinua, ukapanda taratibu mpaka juu, ukakaa.

Mume wangu akautazama mkono ule ulioinuka. Nami nikajifanya natafuta kifuniko cha kopo, maana ningemwangalia ningelia.

Nilipogeuka, alikuwa ameunyanyua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto na kuulaza mezani, mbele yangu, kando ya roboti.

“Huu bado hujaupaka,” akasema. “Lakini taratibu.”

Nikafuta rangi vidoleni, nikaushika.