Kumbusho Lisiguswe

Sheria ya karakana yetu ni moja tu, na niliitunga mimi: kumbusho likijitokeza kwenye skrini, mtu asiliguse, aje aniite. Niliitunga baada ya fundi mmoja asiye na haya kubonyeza "Ondoa" ili aendelee kutazama mpira, na wodi nzima ya wagonjwa ikalala bila madirisha huku mvua inanyesha. Nilimfuata kule nyuma na rula ya chuma mkononi. Sikumpata, na bahati ilikuwa yake.

Tunakata vioo na kuunda madirisha ya alumini. Mbele nipo mimi, kaunta, viti viwili vya wateja, vioo vya mfano vilivyoegemezwa ukutani, na kompyuta yangu. Nyuma kuna meza ya kukatia, mashine ya kusaga kingo za vioo inayopiga kelele kutwa, na kompyuta ya pili ambayo mafundi husomea vipimo. Kompyuta zote mbili zinafungua barua pepe moja ya ofisi, kwa hiyo kinacholia kwangu kinalia na kwao. Mteja akiandika, naipachika barua yake bendera nyekundu ya ufuatiliaji, naandika la kufanya, naweka siku na saa ya kukumbushwa. Wakati ukifika, kidirisha kinaruka juu ya kila kitu na kukaa hapo mpaka ukiahirishe au ukiondoe. Mafundi wanakichukia. Ndiyo maana wananiita Bendera, na nikiwaudhi wananiita Bendera Nusu Mlingoti, kwa kuwa Mungu hakunipa urefu.

Anayenilalamikia zaidi ni fundi mkuu, tunayemwita Kipaza kwa sababu hajui kunong'ona hata msibani. Hutoka kule nyuma miwani imejaa vumbi la kioo. "Bendera! Mdudu wako amekaa juu ya vipimo vyangu! Njoo umtoe kabla sijakata kioo cha watu upogo!" Lakini hagusi. Ana adabu zake.

Nina mdogo wangu mmoja, tumbo moja, mwalimu wa chekechea. Aliolewa na mwalimu wa kuendesha magari ambaye wanafunzi wake humwita Mpole. Na ndani ya gari ni mpole kweli. Hata mimi ni yeye aliyenifundisha. Siku moja nilizima gari katikati ya makutano, watu wananipigia honi na kunitukana, naye akaniambia, "Taratibu, shemeji. Usiogope. Achia klachi kidogo kidogo." Mtu huyohuyo alimbana mdogo wangu kidole kwa mlango wa gari lilelile, akausukuma kwa nyonga mpaka mfupa ukalia. Alimng'oa jino kwa kiwiko kwa sababu ya chai iliyopoa. Mara ya mwisho alimkaba koo mpaka mwanamke mzima akajikojolea, kisha akazifua zile nguo kwa mikono yake, akazianika uani na kuwasalimu majirani.

Namchukia, na sitaki kulizungukazunguka hilo.

Kila jioni alikuwa akiikagua simu ya mkewe, lakini hakujua kuhusu kompyuta iliyomo ofisini kwa mwalimu mkuu, na mdogo wangu aliitumia kuniandikia. "Dada, iwe Alhamisi. Nikibaki zaidi ya hapo ataniua, na safari hii sisemi kwa kulia." Tukapanga. Watoto wakienda mapumziko, angetoka kama anayekwenda kununua kitambaa cha mapazia ya darasa. Angenisubiri nyuma ya duka la vitambaa, nami ningepita na gari la vioo, nimpeleke mji mwingine kwa rafiki yangu mkunga ambaye Mpole hajawahi hata kumsikia. Mkubwa wetu wa kazi alinipa ufunguo wa gari akajifanya hamnazo. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Kisha nikafanya ninachoifanyia kila barua. Niliipachika bendera. Mtu mwenye akili angeandika fumbo. Mimi, ninayewakemea watu wazima kwa kuandika "fuatilia" bila kusema wafuatilie nini, niliandika kila kitu: Mchukue mdogo wangu nyuma ya duka la vitambaa, saa sita. Nikaweka kumbusho lilie robo saa kabla, nikaendelea na kazi nikijiona hodari.

Alhamisi hiyo nilikuwa naandaa karatasi za mzigo Mpole alipoingia. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Alivuta kiti cha wateja akakaa.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Nzuri. Karibu."

"Nimepita tu. Mdogo wako ametoka asubuhi na vyeti vyake vyote. Mtu anakwenda kufundisha watoto kuhesabu, vyeti vya nini?"

"Labda mwalimu mkuu kavitaka."

"Nimempigia. Hajavitaka."

"Basi mimi nitajuaje, shemeji? Mimi ni mtu wa madirisha."

Alitabasamu kama aliyependezwa na jibu. Akainuka, akaenda mlangoni, akageuza kibao upande wa "Tumefunga" na kushusha komeo. Alirudi polepole akizunguka kaunta, akanishika shingo kwa nyuma, akanipigiza uso kwenye meza.

Niliona nyota. Pua yangu ilipasuka, na karatasi za mzigo zikalowa damu. Akaniinua, akanipigiza tena. "Taratibu, shemeji," alisema. "Usiogope. Niambie kidogo kidogo."

Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote. Kule nyuma mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, na mashine ile ikinguruma hata Kipaza angeita bure. Mpole alilijua hilo. Aliniacha nimalize kelele zangu. Kisha alinishika mkono wa kushoto, akachagua kidole cha mwisho, akakikunja kinyume mpaka kikakatika. Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Sikumwambia kitu. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua, ya mama yake, ya baba yake na ya mtu aliyempa leseni. Kila tusi lilimpa mdogo wangu nafasi ya kutoka nje ya geti la shule, ndivyo nilivyojiambia, na nilikuwa tayari anivunje vidole vyote tisa vilivyobaki.

Ndipo kompyuta ikalia.

Niliurukia ule uso wa skrini niufunike kwa mwili, na yeye, ambaye labda asingegeuka kutazama, akageuka kwa sababu niliruka. Alinivuta nywele akanitupa chini. Akainama, akasoma kwa sauti, vizuri, kama anayemsomea mwanafunzi alama ya barabarani: "Mchukue mdogo wangu nyuma ya duka la vitambaa, saa sita." Akatazama saa yake. "Asante, shemeji. Duka lenyewe nalijua."

Alipiga hatua kuelekea mlangoni. Nilimrukia mguu, nikaukumbatia, nikamng'ata nyuma ya goti hadi nikaonja damu. Alinipiga teke la mbavu. Sikuachia. Akanipiga la mdomo, nikahisi jino limelegea, na sikuachia. Alinikokota sakafuni mpaka mlangoni, mkono wake ukafika kwenye komeo. Nilikuwa nalia sasa, si kwa maumivu. Nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa nimemwandikia mahali pa kwenda kuua, na saa ya kufika.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa teke.

"Bendera! Mdudu wako amekaa tena juu ya vipimo! Na mdogo wako anakusubiri huko, wewe umejikalia tu una..."

Kipaza alinyamaza. Nimefanya naye kazi miaka, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akikatiza sentensi. Alinitazama pale sakafuni, akamtazama yule mtu, akavua miwani yake na kuiweka kwenye kaunta. Kisha akaja.

Walivaana kama madume ya ng'ombe. Walianguka juu ya vioo vya mfano, ukuta mzima ukaporomoka, na mlio ule ndio uliowaita wenzetu, kwa sababu fundi wa vioo hata mashine ingurume vipi, kioo kikivunjika husikia. Lakini kabla hawajafika, Mpole alikuwa ameshaokota kigae kirefu chenye ncha. Alikielekeza shingoni kwa Kipaza. Kipaza alikidaka kwa kiganja, bila glavu, akakifumbata. Mpole alisukuma. Kipaza hakuachia. Kioo kilizama kwenye nyama mpaka kikagonga mfupa, damu ikamwagika kwenye shati lililopigwa pasi, na bado hakuachia.

Mimi niliikumbuka rula yangu ya chuma. Nilimpiga nayo Mpole gotini, palepale nilipomng'ata. Alipoinama, nilimpiga kichwani, nikampiga tena, nikampiga na mara nyingine ambayo haikuwa na haja. Alianguka chali. Nikampandia kifuani, nikaokota kigae na kumwekea kooni.

Alinitazama. "Taratibu, shemeji," alisema. "Usiogope."

Nilibonyeza. Mstari mwekundu ulijichora kwenye ngozi yake. Sitamwambia mtu kwamba sikujua ninachofanya. Nilijua. Nilitaka afe, nilitaka kumwona akifa, na nilikuwa nafikiria nianzie upande gani.

"Bendera." Ilikuwa sauti ya Kipaza, na alikuwa ananong'ona. Alikuwa ameketi katikati ya vioo, mkono wake ameubana kwapani, uso umempauka kama jivu. "Mdogo wako yuko peke yake kule. Nenda."

Mafundi wawili walinitoa juu ya yule mtu, wakamkalia, wakamfunga kwa kamba za kufungia mzigo. Nilichukua ufunguo. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, kidole kinaning'inia. Gari lilinizimikia nikiwa bado uani. Likanizimikia tena barabarani, na ndani ya kichwa changu nikaisikia sauti yake ikiniambia niachie klachi kidogo kidogo. Nikaitii, kwa sababu sijui namna nyingine ya kuendesha. Nilienda hivyo njia nzima, nikilia kwa hasira na kumtii.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya duka la vitambaa, amekumbatia mkoba wake.

"Umechelewa, dada," alisema. Kisha akaniona. "Hiyo damu ya nani?"

"Yangu. Ya Kipaza. Na yake."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Alipanda, akafunga mkanda, akatazama mbele. Nilingoja alie au anikumbatie.

"Basi atakuja," alisema.

Nilimfikisha kwa yule mkunga, na siku chache baadaye nilirudi kazini bandeji zikiwa bado mkononi. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, vioo vipya vimeegemezwa ukutani, kaunta inang'aa. Kwenye skrini kile kidirisha kilikuwa bado kipo: Mchukue mdogo wangu nyuma ya duka la vitambaa, saa sita. Hakuna aliyekigusa. Hata mkubwa wa kazi alikuwa amekaa kwenye kiti changu na kufanya kazi akichungulia pembeni yake. Nilikiondoa mwenyewe. Bendera niliiacha ileile nyekundu, sikuweka alama ya kwamba imekamilika.

Mahakamani wanafunzi wa Mpole walikuja wengi kushuhudia kwamba ni mtu mtaratibu. Walisema kweli, na ndicho kinachonichoma. Hakimu alimfunga hata hivyo, kwa ajili ya mkono wa Kipaza zaidi kuliko kwa ajili ya miaka ya mdogo wangu. Mkono ule haukunjiki tena. Kipaza anajifunza kukata kwa mkono wa kushoto, na vioo vinatoka upogo bila msaada wa mdudu wangu yeyote.

Baada ya hukumu mdogo wangu aliandika kutoka huko aliko. Barua ilikuwa fupi. "Dada, wamenipa tarehe atakayotoka. Niwekee bendera, ilie wiki moja kabla. Na safari hii usiandike nilipo."

Niliipachika bendera. Nilikuwa naisogeza kalenda mbele kutafuta tarehe, mwaka baada ya mwaka, nilipohisi mtu nyuma yangu. Alikuwa Kipaza, miwani imejaa vumbi, mkono wake mbovu ameuweka kwenye mgongo wa kiti changu. Alisoma nilichoandika: Mpole anatoka.

"Italia na kule nyuma?" aliuliza.

"Inalia kule siku zote. Si ndiyo unayonitukania?"

Aliitikia kwa kichwa. Kule nyuma mashine ilikuwa inanguruma. Akageuka akatembea hadi mlangoni, akawapigia wenzake kelele mpaka wakaizima, na karakana nzima ikawa kimya.

"Sikilizeni nyote!" alisema. "Kumbusho la Mpole likilia, kuanzia siku hiyo mashine haiwashwi mpaka Bendera aseme."