Maji ya Puani

Mama mkwe wangu, Mama Jeanine, akitaka kitu, nyumba nzima inakitaka. Safari hii alitaka maji ya puani. Alikuwa ameona kwenye simu mwalimu mmoja wa Kihindi akiinamisha kichwa na kumimina maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwenye tundu moja la pua, yakatokea la pili. Kwao ni tiba ya zamani, alisema, ya kuupa mwili kinga. Mama Jeanine amekausha samaki kwa chumvi na moshi hapa Kashikishi, ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo, maisha yake yote, na pua yake imeziba. Akaamini papo hapo.

"Weye njo utanimiminia," aliniambia.

Nilimcheka, lakini nilichemsha maji, nikayaacha yapoe, nikayatia kwenye birika la chai. Chumvi ya jikoni ilikuwa imekwisha. Hilo halikunisumbua, maana sisi ni wauza samaki wa chumvi, magunia yako stoo. Nikachota kijiko huko.

Maji yalipita vizuri. Mama akafurahi, akasema anasikia hata harufu ya ziwa. Kabla hajamaliza kusema, mate yakaanza kumtoka, macho yakabubujika machozi, mikono ikatetemeka. Halafu akashindwa kuvuta pumzi.

Zahanatini, nesi Mwila alimmulika Mama machoni kwa tochi.

"Mulimupa nini huyu mama?"

"Mayi na chumvi tu."

Mume wangu Guylain alifika mbio kutoka bandarini, alikokuwa akipakia samaki wetu kwenye boti. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Unaniulia mama. Weye na mambo yenu ya telefone."

Nikamwachia aushike. Mkono uliomimina ulikuwa wangu.

"Chumvi haifanye hivi," alisema Mwila, akivuta dawa kwenye sindano. "Hii ni sumu ya kuua badudu. Ile chumvi ulitosha wapi?"

"Mu stoo. Mu gunia ya samaki."

Guylain akaniachia mkono. Akakaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama.

"Ile haiko ya kula," alisema polepole. "Mi nachanganyaka na dawa, badudu basikule samaki. Ni ya samaki tu."

Nilimtazama mtu niliyezaa naye watoto wanne, na sikumjua. Alikuwa akisema kama mtu anayeeleza jambo la kawaida.

Mwila alidunga sindano, akangoja, akadunga nyingine. Mchana Mama alikuwa anapumua vizuri. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Guylain naye alilia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Samahani, Mama. Nitaweka ile chumvi mbali. Hakuna mutu wa nyumba ataigusa tena."

Mama alimgeuzia uso. Sauti yake ilikuwa bado dhaifu.

"Na samaki, Guylain? Ni nani anabakulaka?"

Guylain aligeuka kutazama dirishani, kuelekea ziwani. Boti aliyoipakia asubuhi ilikuwa imeshavuka kwenda upande wa Kongo.