Imondo ya Mzee Shitanda

Kuku alikuwa ameiva, na simu nilikuwa nimeibana kati ya sikio na bega. Upande wa pili Chrispinus, fundi wa zamu, alikuwa akipiga kelele kwamba mkanda wa kubebea miwa umekatika tena. Nilimwelekeza afanye hivi, asifanye vile, huku mwiko ukienda sufuriani na kurudi mdomoni nikionja chumvi. Ilikuwa Jumapili, siku yangu ya mapumziko, eti.

Mwezi uliotangulia nilikuwa nimepandishwa cheo kiwandani, nikawa mkuu wa zamu. Mwenzangu wa zamu ya pili akaacha kazi, na badala ya kutafuta mtu wakanibandika na yake. Cheo ni dhamana, walisema, wakanipigia makofi. Afe punda, mzigo ufike. Nilichoka hadi nikawa nasinzia kanisani nikiwa nimesimama, na nyumbani hakuna aliyenipunguzia hata sufuria moja ya kuosha.

Ndiyo maana baba mkwe, Mzee Shitanda, alikuja siku hiyo: kumwambia mume wangu Erastus aniachishe kazi. Kwetu mke wa mwana haketi na baba mkwe, kwa hiyo nilibaki jikoni, kesi yangu ikiamuliwa ng'ambo ya ukuta. Nami niliitaka kazi ile. Pamoja na uchovu wake wote, niliitaka.

Erastus akaja kuchukua chakula. Muda kidogo nikasikia sauti kutoka sebuleni.

"Imondo iko wapi?" mzee akauliza.

Imondo ni firigisi. Kuku akichinjiwa mzee, hiyo ni yake kwa kuwa ndiye mwenye boma, na mwanamke haigusi. Erastus akarudi, akakoroga sufuria mpaka chini, kisha akanitazama. Nikapitisha ulimi kwenye meno, nikakuta kijinofu kigumu kimekwama.

"Nimeikula," nikasema. "Nilikuwa naongea na Chrispinus."

Angeweza kumsingizia paka. Alisimama akiangalia macho yangu mekundu, kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. Akarudi sebuleni.

"Mama Mitchel ameikula, baba. Amechoka."

Aibu ilinichoma hadi masikioni.

"Basi mwenye boma ameshakula," mzee akasema. "Sasa mimi nilikuwa naongeanga na nani hapa?"

Akamega obusuma, ugali wetu, akala. Habari ya kuniachisha kazi haikutajwa tena.

Kazini niliisimulia kama ushindi, tukacheka mpaka machozi. Lakini mwenye boma huulizwa kila kitu. Sasa paa likivuja naulizwa mimi, kukiwa na matanga naulizwa mimi, na mzee mwenyewe hunipigia simu kabla ya kumpigia mwanawe. Zamu bado ni mbili.

Kila kuku akichinjwa, Erastus hunitengea imondo kwenye kisahani. Naitafuna polepole, nikijaribu kukumbuka ile ya kwanza ilikuwa na ladha gani. Sikuisikia kabisa.