Nyuzi Tano za Mdogo Wake

Siku muuguzi aliposimama mbele ya madiwani akawasimulia vichwa vya waliopigana baa anavyovishona kila Jumapili asubuhi, mdogo wake wa kiume alikuwa amekaa safu ya nyuma, amekunja mikono. Yeye ana baa. Sheria ilipopita, kwamba baa zote zifungwe saa sita usiku, alimpa dada yake kisogo. Miezi minne hakukanyaga kwake, wala simu zake hakupokea.

Jumapili moja, jua limeshachomoza, mlango wa chumba cha majeraha ukasukumwa. Alikuwa yeye, kiganja kimeviringishwa taulo lenye damu.

"Nani kakuumiza?" dada aliuliza, akilifungua taulo.

"Glasi. Nilikuwa naosha za jana usiku, moja ikanipasukia. Hakuna mwingine wa zamu?"

"Nipo mimi tu. Kaa."

Akakaa shingo upande. Dada akamchoma ganzi, akangoja ishike, kisha akaanza kushona taratibu. Mdogo mtu akageuzia uso ukutani, vilevile kama alivyokuwa akiogopa sindano utotoni.

"Mbona mabenchi yako matupu?" akauliza.

"Siku hizi wanakuja wawili, watatu. Leo umekuja peke yako."

"Baunsa wangu alipopigwa chupa mwaka jana, ulimshona wewe?"

"Nyuzi kumi na tisa. Muda wote ananiuliza kama bosi wake atakasirika akikosa kazini."

"Hakuniambia."

"Angekuambiaje?"

Uzi wa tatu ukapita. Mdogo mtu akashusha pumzi. "Biashara imepungua, dada. Nilikuchukia."

"Najua. Usitikise mkono."

"Lakini mke wangu anasema nakoroma. Miaka kumi na moja ya ndoa, ndiyo kwanza ananisikia. Zamani narudi, yeye anaamka."

Dada akacheka mpaka ikabidi aweke sindano chini. Mdogo mtu naye akajikuta anacheka, macho yamemlowa, akasingizia ganzi.

Alipomaliza uzi wa tano akamfunga bandeji, akaendelea kuushika ule mkono ingawa kazi ilikwisha. "Zitatolewa baada ya siku kumi. Njoo nyumbani, nitakutolea mwenyewe. Mje na wifi."

Hakungoja siku kumi. Alikuja ya nne, na mkewe nyuma yake, akidai bandeji inamwasha.