Ukuta wa Dereva

Mke wangu ni mwashi. Mimi ni fundi cherehani. Tulipooana watu walisema nyumba yetu imegeuzwa ndani nje, na mpaka leo sijaona ubaya wake. Kazini wanamwita Timazi, kwa sababu habanduki na kile kichuma chake kinachoning'inia kwenye uzi, anachopimia kama ukuta umesimama wima.

Kanisa letu lina kikundi kinachovuka mpaka kila mwaka, kabla ya mvua, kwenda kuzijengea nyumba familia zisizo na pa kulala. Mwaka ule Mchungaji alimkabidhi mke wangu usimamizi wa ujenzi, nami nikajiunga kama mbeba maji na mkoroga saruji. Wanakwaya wenzangu walinicheka kwamba nimekwenda kuajiriwa na mke wangu. Niliwaambia ameniajiri tangu siku ya harusi, ila sasa ndiyo nimepewa koleo.

Kiwanja tulichopewa kilikuwa mwisho wa mtaa wa nyumba za mbao na mabati chakavu. Familia yenyewe ilikuwa ya mtu aliyewahi kuendesha malori makubwa. Lori lilipinduka, mguu wake ukavunjika na kuungwa vibaya, kazi ikaenda. Baadaye mafuriko yakaja yakabeba nyumba. Yeye, mkewe na watoto wao wadogo walikuwa wanaishi chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo, hatua chache tu kutoka pale tulipochimba msingi. Mtaa mzima ulimwita Dereva, ingawa hakuwa na hata baiskeli.

Mkewe alitupokea kwa mikono miwili. Dereva alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ametupa mgongo. Tuliimba, tukaomba, tukamwaga zege la msingi, na mgongo ule haukugeuka. Kuta zilipoanza kupanda, binti wa kikundi chetu aliyekuwa na kazi ya kupiga picha alimwendea na simu yake.

"Baba, tabasamu kidogo. Picha ya kuwapelekea waumini."

"Waumini wako wananijua?"

"Hapana, baba. Ila wamechangia."

"Basi wapelekee picha ya matofali. Hayo ndiyo waliyochangia."

Binti alirudi, macho yakiwa chini. Mchungaji akatuambia tumwombee, huenda moyo wake una uchungu. Mke wangu alifuta mikono kwenye suruali yake ya kazi, akachukua mwiko wa kujengea wa akiba, akaenda kusimama mbele ya ile ndoo.

"Kaka, umewahi kushika mwiko?"

"Sijawahi."

"Utajifunza. Ukuta wa chumba cha watoto bado haujaanzwa. Ni wako."

"Mna mafundi wa kutosha."

"Ninao. Lakini watoto ni wako."

Dereva alimtazama, nikadhani atamtukana. Badala yake alijiinua, akashika mwiko kama mtu anayeshika nyoka, akamfuata akichechemea.

Mke wangu alimwonyesha jinsi ya kutandaza saruji, kuweka tofali, kuligonga, kufuata kamba. Kisha akaenda kusimamia upande wa pili. Dereva alifanya kazi bila kuinua kichwa. Mimi nilikuwa nampelekea saruji, na kila nikimuuliza kama amechoka ananijibu "Leta nyingine, shemeji." Mkewe alikuja mara mbili tatu akajifanya anatafuta kitu, akaondoka anatabasamu. Kufika alasiri, ukuta ulikuwa umemfika kifuani.

Ndipo mke wangu alipokuja na timazi yake. Aliiteremsha juu ya ukuta, akasubiri itulie. Hata mimi wa cherehani niliona. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo kama mtu aliyeshiba.

"Umepinda," alisema.

"Kidogo," Dereva alijibu.

"Umepinda."

Akaweka mguu, akasukuma. Saruji ilikuwa bado mbichi. Matofali yakashuka kwa kishindo. Dereva aliyatazama matofali, akautazama mwiko mkononi mwake, akauweka chini taratibu. Akaondoka, akapotelea upande wa barabara.

Mchungaji alimvuta mke wangu pembeni. Ni mtu mpole, lakini siku ile sauti yake ilikuwa kali. "Dada, umemwaibisha mtu mbele ya watoto wake. Tungeweza kuurekebisha akishaondoka."

"Mchungaji, juzi hapa nilibomoa ukuta aliojenga nani?"

"Mzee wa kanisa."

"Ulisema chochote?"

Mchungaji akatikisa kichwa.

"Mzee wa kanisa nikimbomolea ni kazi. Huyu nikimbomolea ni aibu. Kwa nini? Kwa sababu ni maskini? Watoto wake ndio watalala chini ya ukuta ule."

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini jioni hakugusa chakula. Nilimuuliza kama anajutia. "Sijutii kuubomoa," alisema. "Najutia kwamba sikusimama naye tangu mwanzo nikamwangalia. Nilimwonyesha haraka haraka." Nikamwambia kesho bado ipo. Akaniambia nilale.

Asubuhi tulimkuta Dereva kiwanjani kabla yetu. Alikuwa ameketi chini, mguu mbovu ameunyoosha mbele, anakwangua saruji iliyogandia kwenye matofali, tofali moja moja, na mengi yalikuwa yamepangwa safi kando yake.

Hakusalimia. "Nionyeshe tena," alimwambia mke wangu. "Ila polepole. Jana ulinionyesha kama mtu anayekimbilia basi."

"Kweli," alisema mke wangu, akapiga magoti karibu yake.

Siku hiyo hawakuachana. Kila safu ya matofali ilipimwa, na ikikataa ilitolewa. Kuta nyingine zilikamilika, mafundi wakakaa wanasubiri, wengine wakaanza kunung'unika. Hatukuwa na siku za kuchezea, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya na kila mmoja wetu alikuwa na kazi inayomngoja nyumbani. Mchungaji alishauri mafundi wawili wamsaidie Dereva ili tuwahi kupaua.

"Unamalizia wewe?" mke wangu alimuuliza Dereva.

"Namalizia mimi."

"Umesikia, Mchungaji."

Kwa hiyo tukangoja. Aliyechoka kungoja alipewa kazi ya kuchonga mbao za paa.

Dereva aliweka tofali la mwisho mchana wa siku iliyofuata, na hata hajashuka kwenye jukwaa, upepo ukabadilika. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa mto, tunaiona inavyotembea. Tulikimbilia kufunika mifuko ya saruji na mbao kwa maturubai yetu yote. Ukuta wa Dereva ukabaki wazi, na saruji ya safu za juu ilikuwa bado laini.

Dereva aliangalia ukuta. Aliangalia lile turubai walilokuwa wanaishi chini yake. Akaanza kufungua kamba.

"Baba watoto, unafanya nini?" mkewe alimuuliza. "Vitanda vyetu viko humo."

"Vitakauka."

"Na sisi?"

"Na sisi tutakauka."

Mwanamke yule alisimama kidogo, mikono kiunoni, amekunja uso. Kisha akawapeleka watoto kwa jirani, akarudi mbio, akafungua kamba ya upande wa pili. Sote tukashika pembe, tukalipandisha turubai juu ya ukuta, tukalibana kwa matofali. Mvua ilitukuta pale pale. Tulisimama tumelishikilia lisipeperushwe, Mchungaji pembe moja, Dereva pembe nyingine, mke wangu katikati anatoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Magodoro yalielea. Hakuna aliyekwenda kuyaokota.

Mvua ilipokatika jua lilikuwa bado halijazama. Mke wangu alifunua turubai, akateremsha timazi, akangoja. Dereva alikuwa amesimama nyuma yake, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Umenyooka," alisema mke wangu, akakunja uzi wake.

Dereva akaitika kwa kichwa. Mkewe ndiye aliyelia.

Familia ilikaa kwa jirani mpaka tulipopaua. Siku ya kufungua mlango, Dereva aliwapitisha watoto kwanza. Mdogo wao aliukumbatia ule ukuta kwa kuwa ulikuwa na ubaridi, akagoma kutoka. Hatukuwa tumepiga lipu ndani wala nje. Dereva alisema hiyo wataifanya yeye na mkewe, tusiiguse.

Tulipokuwa tunapakia vifaa kwenye lori, alikuja kwa Mchungaji. Hakutoa hotuba ya shukrani.

"Mwakani mnamjengea nani?"

"Mungu akipenda, yule mama mjane wa karibu na kisima."

"Mafuriko yalimwachia mafiga ya jiko tu," alisema Dereva. "Sawa. Njooni na saruji. Msingi niachieni mimi."

Mke wangu alikuwa ameshapanda garini. Alimtupia ule mwiko wa akiba, Dereva akaudaka.

Jioni ile tulivuka mpaka, kila mtu amechoka, wengi wamelala. Mwaka uliofuata tuliporudi, mke wangu alikwenda moja kwa moja kule kisimani na kamba yake ya kupimia. Msingi ulikuwa umechimbwa, pembe zote ziko sawa, na Dereva alikuwa ndani yake, anamgombeza mtu kuhusu kina.