Kijiko cha Geske

...hapana, kijiko hicho mtu asikiguse, anawaza Tomma, miguu ikimteleza ndani ya malapa ya sufu wanayovishwa wageni juu ya viatu, wasije wakakwaruza sakafu ya mbao ya nyumba ya mchoraji, mbao ambazo bibi yake alizisugua akiwa amepiga magoti, na mtembeza wageni, yule wa Berlin, hanyamazi, "Kroll hakuchora sura, mabibi na mabwana, alichora hisia," hisia za nani, "na kila kitu kipo kama alivyokiacha, hata kikombe chake cha mwisho cha chai," chake, eti, na yule mama wa kusini mwenye kofia anacheka, "Mwanamume mzima anaacha kijiko kikombeni! Angekuwa wangu angekiona cha moto," na mumewe, "Ndiyo maana mimi hunywa bia, mke wangu," wanacheka wote, ukutani, pichani, Geske hacheki, uso wa kijani, midomo ya rangi ya chungwa, bibi yake mzaa mama, na chini yake kibao, msichana asiyejulikana, mpenzi wa mchoraji, aliachwa akilia... aliachwa! na mama yake Tomma siku ile kitandani, pumzi zikimwishia, "Usimtaje, Tomma, kijiji kimetusema vya kutosha," naye akatii, yeye anayetunza majina ya ukoo mzima akalificha hili moja, lakini bibi alisimulia akimenya viazi, sauti imetulia, "Alitaka nivue nguo, mjukuu wangu, nikatia kijiko kikombeni, huku kwetu hata mtoto anajua, kijiko kikishaingia mwenyeji hamimini tena, imetosha, mchoraji yule alikuwa mgeni huku, hakujua au hakutaka kujua, akamimina, chai ikafurika mezani, nikavaa koti nikaenda zangu," na doa si lile, la kahawia, pembeni ya kisahani, "rangi ya mchoraji," alisema huyu bwana dakika hii hii, na sasa anapitisha mkono juu ya kamba, "Tukitoe basi, picha zenu zipendeze," vidole havijafika... aibu, aibu gani, aliyesema imetosha ndiye afichwe, na aliyemimina awekewe kamba na taa, mama nisamehe, la, hata msamaha siombi, ulinyamaza wewe, nikanyamaza mimi, bibi hakunyamaza, alisema kwa kijiko na bado anasema... kamba inamgusa tumboni, mkono wa yule bwana bado uko hewani, mama mwenye kofia bado anacheka, na jina limeshafika kwenye ulimi, Geske Harms, litatoka zima, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, na kabla yake haya: Kiache, bwana. Aliyekitia humo alikusudia.